Biashara Ndogo Ndogo: Duka Lionekane, Nyumba Ibaki Salama

  

Kama mnavyojua, ukurasa huu kila mwezi unajibu maswali ya wale wanaohangaika na biashara ndogo ndogo. Mwezi huu barua karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: tovuti na mitandao ya kijamii. Hatushangai. Mwaka 2018 IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na biashara binafsi, lilitoa ripoti iliyosema kwamba hapa Kakuma kuna biashara zaidi ya 2,000. Tangu mgao wa chakula ulipokatwa mwaka 2025, kibanda cha mama au cherehani ya baba si kitu cha kuongezea sukari tu. Ndiyo sufuria yenyewe. Na mteja wa siku hizi, awe Lodwar, Nairobi au ndugu yetu aliyehamia Australia, anaanza kutafuta kwenye simu kabla hajauliza mtu.

Tumechagua barua tano. Tunawaomba msome mpaka ya mwisho, maana hiyo ndiyo imetufanya tukae tukafikiri sana, na inagusa kila nyumba hata isiyo na biashara.

SWALI LA KWANZA
"Sisi ni wamama sita wa Kakuma 3, tunashona nguo za vitenge na mifuko. Mtoto wa dada yangu alitutengenezea tovuti. Sasa amekuja kijana, anasema tukimpa shilingi 15,000 atatuweka namba moja kwenye Google ndani ya wiki mbili. Tumpe?"

Jibu: Mama, msimpe. Anauza kitu ambacho hana.

Tueleze kidogo Google inavyofanya kazi, ndipo mtaona wenyewe. Google ilianzishwa mwaka 1998 na vijana wawili waliokuwa wanafunzi, Larry Page na Sergey Brin. Ina programu zinazotembea kwenye intaneti usiku na mchana, zikifuata linki kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Kila ukurasa zinaoukuta zinausoma, halafu zinauandika kwenye daftari moja kubwa sana. Mtu akiuliza kitu, Google inafungua daftari lake, haizunguki dunia nzima wakati ule. Inaangalia ni kurasa gani zinasema jambo lile, na zipi zinaaminika. Moja ya njia za kujua nani anaaminika ni linki: tovuti nyingine nzuri zikikutaja, ni kama wazee wa kijiji wamekutolea ushahidi.

Ile nafasi ya kwanza kwenye orodha ya kawaida haiuzwi. Google wenyewe wameandika kwamba hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwingine nafasi ya kwanza. Kinachouzwa ni matangazo, na hayo yanaonekana yakiwa na neno dogo la kuonyesha kwamba yamelipiwa. Siku pesa ikiisha, tangazo nalo linaondoka.

Jihadharini na ujanja mmoja. Kijana anaweza kuchukua simu mbele yenu, akaandika jina kamili la kikundi chenu, nanyi mkatokea wa kwanza. Mtapiga makofi. Lakini nani mwingine duniani ana jina hilo? Mteja asiyewajua hataandika jina lenu. Ataandika "fundi wa vitenge Kakuma". Mwambieni ajaribu hilo.

Wengine wananunua linki mia mia kutoka tovuti zisizo na maana. Mwaka 2012 Google ilileta mabadiliko yaliyoitwa Penguin, na tovuti nyingi zenye linki za kununuliwa zikaporomoka. Kwa hiyo unaweza kulipa pesa yako, ukaachwa nyuma kuliko ulipokuwa.

Je, ni vibaya kumlipa kijana? Hapana. Vijana wetu wana ujuzi na wanastahili malipo. Ila mlipe kwa kazi inayoonekana kwa macho: apige picha kumi za nguo, aandike kurasa tatu kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, apunguze uzito wa picha ili tovuti ifunguke haraka. Akimaliza, mnaangalia pamoja, mnalipa. Matokeo ya Google yenyewe hayana haraka. Google husema kazi ya namna hii huchukua miezi minne hadi mwaka kabla ya kuona faida. Anayeahidi wiki mbili, mpeni maji ya kunywa, mumsindikize.

SWALI LA PILI
"Tuna hoteli ndogo Kakuma 1, tunapika sombe, samaki na fufu. Tovuti ipo mwaka mzima. Tukitafuta hatujioni kabisa. Shida ni nini?"

Jibu: Kwanza hakikisheni kama Google inawajua. Andikeni kwenye nafasi ya kutafuta neno site, kisha nukta mbili, kisha anwani ya tovuti yenu, vyote bila kuacha nafasi. Kurasa zenu zikitokea, daftarini mmo. Ikiwa hakuna kitu, bado hamjaandikwa. Hapo fungueni Search Console, huduma ya bure ya Google, muwajulishe kwamba mpo. Huduma hiyo baadaye itawaonyesha pia watu waliandika maneno gani kabla ya kuwapata. Hayo ni maneno ya dhahabu, yaandikeni kwenye daftari.

Tuliifungua tovuti yenu tukaisoma. Juu imeandikwa "Karibuni sana, huduma bora, bei nafuu". Chini kuna picha nzuri. Lakini hakuna mahali palipoandikwa Kakuma! Hakuna neno samaki, hakuna neno chakula cha Kikongo. Menyu mmeipiga picha ubaoni. Binadamu anaisoma picha hiyo bila shida, lakini msiitegemee kwa mtambo. Menyu iandikwe kwa maneno.

Na hapa kuna jambo ambalo sisi watu wa nchi nyingi tunapaswa kulijua kuliko wengine. Chakula kimoja kina majina manne. Ninyi mnasema sombe. Mtanzania anasema kisamvu. Mrundi na Mnyarwanda anasema isombe. Aliyetoka upande wa Kinshasa anasema pondu. Mteja ataandika jina la kwao. Basi wekeni sentensi moja iliyonyooka: "Hoteli yetu iko Kakuma 1, kaunti ya Turkana, tunapika chakula cha Kikongo kila siku: sombe, wengine wanaita kisamvu, isombe au pondu, pamoja na samaki na fufu." Sentensi hiyo moja inafanya kazi kuliko "huduma bora" mara ishirini.

Wamama wa vitenge, hili ni lenu pia. Kitenge, kikwembe, liputa, igitenge: kitambaa ni kimoja. Andikeni majina yote mara moja moja, kwa namna ambayo mtu akisoma haoni ajabu. Msirudie neno moja mara hamsini. Google inaona huo ni udanganyifu, na mteja anaona ni wazimu. Pia kuna watu bado wanawauzia wengine kazi ya kujaza maneno yaliyofichwa nyuma ya ukurasa. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiyatumii maneno hayo kupanga orodha yake. Hiyo ni biashara ya kuuza majivu.

Kichwa cha kila ukurasa kiseme mnafanya nini na wapi. Tovuti ifunguke vizuri kwenye simu ndogo. Tangu mwaka 2015 Google inajali kama ukurasa unasomeka kwenye simu, na sasa inasoma tovuti kama inavyoonekana kwenye simu. Picha zikiwa nzito, mteja mwenye bando la shilingi 20 ataondoka kabla samaki hajatokea.

Kuhusu anwani, mmesema hamna barabara yenye jina. Si ninyi peke yenu. Google ilitengeneza Plus Codes kwa ajili ya sehemu kama zetu. Fungueni ramani kwenye simu, bonyezeni kwa muda mahali hoteli ilipo, mtaona herufi na namba zenye alama ya + katikati. Andikeni hiyo kodi na neno Kakuma, mgeni ataletwa mpaka mlangoni. Pia unaweza kuisajili biashara bure kwenye ramani ya Google, ili saa za kufungua na namba ya simu zionekane.

Wateja wakishiba, waombeni waandike maoni. Msiwape soda ili waandike mazuri, maana Google inakataza kulipia maoni. Akitokea aliyelalamika, mjibuni kwa adabu mbele ya wote. Wanaosoma wanawapima kwa jibu lile.

SWALI LA TATU
"Nauza na kutengeneza simu. Ukurasa wangu wa Facebook una laiki 3,000. Mbona tovuti haipandi kwenye Google? Na kama Facebook ipo, tovuti ni ya nini?"

Jibu: Ndugu, laiki za Facebook hazihesabiwi na Google kama kura. Mwaka 2014 Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza kazi ya kupambana na udanganyifu kwenye orodha za Google, alieleza kwamba hawatumii idadi ya laiki au wafuasi kuipandisha tovuti. Laiki inasaidia kwa njia ya mzunguko: mtu anaona posti yako, anakuja dukani, kesho anakutaja kwenye tovuti ya shule au ya shirika analofanyia kazi. Huko kutajwa ndiko kunakopandisha.

Tena tujiulize, hao 3,000 ni nani? Kama ni watu wa mbali waliopenda picha ya kuchekesha, hawatakuletea simu iliyovunjika kioo. Heri watu 80 wa Kakuma na Lodwar wanaouliza bei.

Kuhusu swali la pili, sisi wakimbizi tunalielewa vizuri: usijenge nyumba yako yote kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa pamoja kwa karibu saa sita, kwa sababu zote ni za kampuni moja. Aliyekuwa na mlango huo mmoja tu alikaa bila mteja. Na msidhani Google wenyewe ni tofauti. Walikuwa wakiwapa wafanyabiashara wadogo tovuti za bure zilizounganishwa na ramani. Mwezi wa Machi 2024 wakazifunga zote.

Kwa hiyo panga hivi. Facebook ni soko, mahali pa kukutana na watu. WhatsApp ni benchi la dukani, mahali pa kupatana bei. Tangu mwaka 2018 kuna WhatsApp Business, ni ya bure, ina mahali pa kupanga bidhaa na bei zake. Tovuti yenye jina lako ni nyumba. Mambo yasiyobadilika yakae huko: unafanya nini, wapi, saa ngapi, namba gani. Kila posti ya Facebook imwelekeze mtu nyumbani. Na namba za wateja wako wakubwa ziandike kwenye daftari la karatasi. Karatasi haizimiki.

SWALI LA NNE
"Tuko dada watatu wenye saluni. Ukurasa wa Facebook na namba ya WhatsApp viko kwenye simu ya mwenzetu, na laini ilisajiliwa kwa jina la jirani. Sasa mwenzetu amepata safari ya Kanada. Tufanyeje?"

Jibu: Dada zetu, kwanza mpeni mwenzenu hongera. Pili, msingoje siku ya basi kuondoka.

Kabla hajafunga sanduku, aingie kwenye ukurasa wa Facebook awaongeze ninyi wawili kuwa wasimamizi wenye mamlaka kamili. Mjaribu wenyewe, kila mmoja kwa simu yake, mkiwa mmekaa naye. Namba ya WhatsApp ihamishwe kwenye laini itakayobaki saluni. Ndani ya WhatsApp kuna sehemu ya kubadilisha namba bila kupoteza mazungumzo. Muwajulishe wateja wote mapema. Tovuti kama ipo, ulizeni jina lake limelipiwa kwa akaunti ya nani na mwaka unaisha lini. Watu wengi wamepoteza tovuti kwa sababu aliyekuwa akipokea ujumbe wa kulipia yuko ng'ambo na hasomi tena barua pepe ile.

Jambo la laini ni zito. Familia nyingi hapa zinatumia laini yenye jina la mtu mwingine. Leo mnaelewana, kesho mnagombana kwa ajili ya ndoo ya maji, naye anakwenda kuifunga laini au kuichukua tena. Akiishika namba, anaweza kuishika WhatsApp, anaweza kuomba neno jipya la siri la Facebook, na wateja wote wanakwenda naye. Nendeni mkaulize kwenye duka la kampuni ya simu ni hati gani ya mkimbizi inapokelewa, mpate laini yenye jina la mmoja wenu. Halafu wekeni ile namba ya siri ya hatua mbili kwenye WhatsApp na kwenye Facebook, muiandike mahali salama ambapo wote wawili mnapajua.

SWALI LA TANO
Barua hii haina jina wala block, na tunaelewa kwa nini. Ni mistari michache tu: "Natarizi mashuka na vitambaa vya meza. Binti yangu anataka tuweke picha zangu kwenye tovuti na Facebook tupate wateja wa Nairobi. Mimi nilikimbia watu wanaojua uso wangu. Binti anasema nazuia maendeleo. Nani ana haki?"

Jibu: Mama, wote wawili mna haki. Binti anaona njaa, wewe unaona hatari, na vyote viwili ni vya kweli. Hakuna mtu wa nje anayeweza kukuambia hofu yako ni ya bure. Wewe ndiye unayewajua uliowakimbia.

Kila tulichoeleza kwenye majibu ya juu ni namna ya kumfanya mtu asiyekujua akupate kwa urahisi. Google haimuulizi anayetafuta kama ni mteja au ni adui. Maneno yale yale yanayomleta mnunuzi wa mashuka yanaweza kumleta mwingine. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "tutaonekanaje?", familia ikae chini iulize "kipi kionekane, na kipi kisionekane?"

Habari njema ni kwamba mteja hahitaji uso wako. Anahitaji shuka. Hivi ndivyo tunavyoshauri:

Jina. Biashara iwe na jina lake, lisilo jina lako, la ukoo wako, wala la kijiji mlichotoka. Mtu akitafuta jina lako asikutane na mashuka, na akitafuta mashuka asikutane na jina lako.

Namba. Laini ya biashara iwe mbali na laini ya nyumbani. Kwenye WhatsApp weka picha ya kitambaa, si yako. Kumbuka kwamba ukiingia kwenye kikundi cha WhatsApp, wenzako humo wanaweza kuiona namba yako.

Picha. Piga mikono ikitarizi, piga ua lililokamilika, piga kitambaa kikiwa mezani. Usipige uso, usipige watoto, usipige sare ya shule, usipige mlango wenye namba ya block. Angalia pia kilicho nyuma ya picha.

Mahali ndani ya picha. Simu nyingi zikiwa na huduma ya mahali imewashwa zinaandika kimyakimya ndani ya picha sehemu ilipopigwa. Facebook huondoa maandishi hayo kwa wanaotazama, lakini ukiiweka picha kwenye tovuti yako mwenyewe yanaweza kubaki. Zima huduma hiyo kwenye kamera kabla ya kupiga.

Ramani. Hoteli inahitaji watu wafike mlangoni. Wewe huhitaji. Usiweke nyumba yako kwenye ramani. Google inaruhusu biashara kuficha anwani ikaonyesha eneo inalohudumia tu. Mzigo upelekwe sokoni au kwenye gari la mizigo, mteja asiletwe nyumbani.

Jina la tovuti. Mtu akinunua jina la tovuti, anaulizwa jina lake, anwani na simu. Mwulize muuzaji kabla ya kulipa kama habari hizo zitafichwa. Asipojibu vizuri, mwache.

Marafiki na ndugu. Mara nyingi anayetuonyesha si sisi, ni shemeji anayeandika "hongera mama fulani wa Kakuma!" chini ya posti, akaweka na jina lako lote. Kwenye Facebook kuna mahali pa kuamuru kwamba picha uliyotajwa isionekane kwenye ukurasa wako bila wewe kukubali, ingawa kwingine bado inaweza kuonekana. Binti yako anajua pa kubonyeza. Na ndugu wapewe taarifa kwa mdomo: wasifie kitambaa, wasitaje mtu.

Kila mwezi, andika jina lako mwenyewe na namba yako kwenye Google uone kinachotokea. Ukikuta namba ya simu au anwani yako, tangu mwaka 2022 Google inapokea maombi ya watu binafsi ya kuondoa habari za namna hiyo kwenye orodha yake. Lakini elewa kwamba hapo unafuta kwenye daftari la Google tu. Ukurasa wenyewe bado upo, na mwenye ukurasa ndiye wa kuombwa aufute.

Kama umeshapokea ujumbe wa vitisho, usiujibu na usiufute. Piga picha ya kioo cha simu, uende kwenye ofisi ya ulinzi ya UNHCR au polisi, uonyeshe. Na kama kesi yako bado inasikilizwa, ongea na ofisi ya ulinzi kabla ya kujitangaza popote.

Kwako binti, tunasema na wewe kwa upendo. Mama hazuii maendeleo. Mama amebeba kitu ambacho pengine hajakueleza chote, na pengine hatakueleza. Ujuzi wako wa simu ni ulinzi wake. Wewe uwe mlinzi wa mlango: picha isitoke bila mama kuiangalia, na mama akisema hapana, iwe hapana, bila kuuliza sababu. Nawe mama, mwachie binti kitambaa. Kazi yako ni nzuri, iende Nairobi bila wewe.

Na iwapo mkikaa mkaona kwamba hata hivyo hatari ni kubwa, basi msiweke. Kikundi kingine cha wamama kinaweza kuuza vitambaa vyako kwa jina la kikundi, mkagawana. Wengi hapa wanaishi hivyo, na watoto wanakwenda shule.

KAZI YA MWEZI HUU
Kila mwenye biashara tunampa kazi tano ndogo. Moja, andika sentensi moja inayosema unauza nini, wapi, na majina yote ambayo watu wanakiita kitu hicho. Mbili, mwombe mtu asiyejua jina la biashara yako akutafute kwenye simu yake, uone anaandika nini. Tatu, hakikisha watu wawili wanaoaminiana wanaweza kuingia kwenye kila akaunti. Nne, nakili namba za wateja kwenye daftari. Tano, kaeni nyumbani jioni moja, baba, mama na watoto wakubwa, mpitie picha zote mlizokwisha kuweka. Mnayoitilia shaka, iondoeni.

Hakuna hata moja kati ya kazi hizi inayolipiwa shilingi 15,000.

Barua zenu ziendelee kuja. Wapeni viongozi wa block, nao watatufikishia. Asiyetaka kuandika jina asiandike, tutamjibu vilevile. Toleo lijalo tutazungumza juu ya kuweka hesabu ya mikopo dukani, maana wengi mmelalamika kwamba wateja wenu wa "nitalipa kesho" wamezidi.